Kahawa ya Nyumba ya Cleophace

Mimi si mwepesi wa kusamehe. Nalisema mapema ili mtu asije akanipa sifa nisizostahili.

Jina langu Sperancia, nimeolewa Kiruruma, na riziki yangu ni kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani. Nachemsha matunda ya kahawa pamoja na majani yenye harufu aliyonionyesha mama, nayaanika hadi yanakauka na kuwa meusi, nayafunga kwa majani makavu ya mgomba na kuyapeleka gulioni Nkwenda. Huku kwetu mgeni akiingia ndani, hata kabla ya kuulizwa habari za atokako, analetewa kikapu kidogo cha ukindu. Anachukua tunda moja, anatafuna, ndipo mazungumzo yanaanza. Asipoletewa kikapu, ajue ameambiwa jambo.

Pale Nkwenda kuna jumba la bati jekundu la chama kinachoitwa Udugu wa Ngao. Ni chama cha wanaume wakubwa. Mikutano yao hufanyika mlango umefungwa, wanavaa mishipi ya kijani begani na kuitana "Ndugu" kwa sauti nzito, hata wale ambao ndugu zao wa tumbo moja hawajawatembelea tangu Krismasi ya mwaka juzi. Ukutani wametundika picha za wanachama wao mashuhuri: kanali mstaafu, mchezaji wa zamani aliyewahi kuvaa jezi ya taifa, mwenye mabasi, mwenye mashine za kukoboa kahawa. Nao wanatoa, siwanyimi haki yao. Wametoa madawati, magodoro ya zahanati, blanketi za wajane wa vita. Ila hawatoi kimya. Godoro moja likishuka kwenye gari, sharti wimbo wa taifa uimbwe kwanza, bendera ipepee na risala ya uzalendo isomwe mpaka wagonjwa wachoke. Hata ndoo ya kunawia mikono pale shuleni Songambele ina jina la aliyeitoa, kwa rangi isiyofutika.

Picha kubwa kuliko zote ni ya Mzee Rwegoshora. Chini yake wameandika: Shujaa wa Mto.

Huyo ndiye niliyekuwa na shida naye.

Mwaka wa sabini na nane, askari wa Amini walipovamia, Rwegoshora na baba yangu Cleophace walikuwa vijana wa mgambo kutoka Songambele, wamepelekwa kulinda mto. Ng'ambo kulikuwa na watu wetu kumi na mmoja waliokwama, wanawake na watoto. Alfajiri moja mgambo mmoja aliingia kwenye mtumbwi, akaenda na kurudi mara tatu huku risasi zikipiga maji, akawavusha wote. Mwenzake alijilaza kwenye mafunjo hadi jua likapanda. Ukiisoma ile picha utaambiwa kwamba mpiga kasia alikuwa Rwegoshora. Lakini Bibi Benitha, aliyevushwa akiwa na miaka tisa, alikalishwa kati ya magoti ya mpiga kasia, na ameniambia kwa kinywa chake kwamba yalikuwa magoti ya baba yangu. Wale wanawake waliovushwa naye vita viliwatawanya wasirudi, akabaki yeye kujaribu kuwaambia wengine. Kwanza akaambiwa ni mtoto, baadaye akaambiwa ni mwanamke, na siku hizi anaambiwa ni mzee.

Yangeishia hapo, ningesema mtu kaiba sifa, na wezi wa sifa ni wengi. Lakini wakubwa walipouliza kwa nini Cleophace alionekana upande wa adui, Rwegoshora alijibu: "Alikwenda kuwaonyesha njia." Maneno matatu tu. Baba akakaa ndani miezi minane. Walimwachia bila kesi, maana kesi haikuwepo, ila aliporudi alikuta ameshapewa jina jipya. Aliitwa Amini. Nami nilipozaliwa nikaitwa binti Amini, shuleni, kisimani, hata kanisani. Alipofariki, miaka mitano iliyopita, wabeba jeneza walipatikana watatu. Wa nne alikuwa mwendesha bodaboda tuliyemsimamisha barabarani, mtu wa Muleba, asiyejua anambeba nani.

Na baba hakuwahi kujitetea, hata mara moja. Hilo liliniuma kuliko mengine yote. Siku zake za mwisho nilimbana aniambie kwa nini.

"Nilikula omukago naye, mwanangu," akasema. "Siwezi kumsema."

"Yeye alikusema, Tata."

"Hilo ni tumbo lake."

Omukago ni udugu wa damu. Siku hizi haufanywi, mapadri na wachungaji waliukemea hadi ukaisha, lakini mwaka wa sabini na sita vijana wawili wa Songambele waliufanya kwa siri nyuma ya migomba. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani ya ganda moja. Kila mmoja anachanja ngozi kidogo, anapaka damu yake kwenye punje, na mwenzake anaila. Kuanzia hapo hutamsema ndugu yako mbele ya watu. Hutasema uongo juu yake ukiwa na kahawa kinywani. Mtoto wake ni mtoto wako, akikuletea kahawa huna ruhusa ya kuikataa. Ukivunja, tumbo litavimba ufe.

Nilimzika baba na siri yake. Lakini tulipomaliza kufukia, nikiwa bado na udongo mikononi, wazo likanijia wazi kabisa: baba alikula. Mimi sikula.

Nikangoja. Kungoja nakujua, maana kahawa haikauki kwa kuipigia kelele.

Mwaka jana habari zikaenea sokoni kwamba Udugu wa Ngao wamejenga wodi ya wazazi pale Songambele, na kwamba siku ya Uhuru wataizindua. Mbele ya wodi watasimamisha jiwe, na kwenye jiwe limechongwa jina la Rwegoshora na habari ya watu kumi na mmoja. Niliposikia hivyo nikakaa juu ya gunia langu. Picha huliwa na mchwa, na mwongo naye hufa. Lakini jiwe litabaki, na kila mtoto atakayezaliwa kwenye wodi ile atafundishwa kusoma pale. Baba atakuwa Amini hadi mwisho wa dunia.

Siku ya tatu akaja Winston. Huyu ni katibu wa Udugu, kijana wa watu wa Bukoba aliyekulia Mwanza, mpole, mwenye simu mbili na haraka nyingi.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa kahawa yako ndiyo bora. Siku ya uzinduzi tunataka jambo la asili kidogo. Kamera zitakuwepo."

"Marahaba, mwanangu. Jambo la asili la namna gani?"

"Sijui. Wewe ungeshauri nini?"

Mungu naye ana utani wake. Miaka yote natafuta pa kuingilia, mlango unakuja wenyewe na kunipigia hodi.

Nikamwambia kwamba zamani shujaa hakusimulia ushujaa wake mdomo mtupu. Mwanamke wa nyumba iliyoguswa na vita alimpigia magoti, akampa kahawa mbele ya watu. Shujaa akatafuna, ndipo akasimulia. Sikumdanganya, nilimpunguzia tu. Winston akafurahi kama aliyeokota almasi.

"Na wewe mama, nyumba yenu iliguswa na vita?"

"Sana."

"Basi utampa wewe!" Akaandika kwenye simu yake. Angemuuliza mzee yeyote pale gulioni angeonywa, lakini watu wa Ngao hawana desturi ya kuuliza. Wao hupiga picha za mila kama wanavyopiga picha za twiga.

Siku ya Uhuru Songambele ilijaa. Turubai nyeupe zilifungwa, Ndugu wa Ngao wakakaa mbele na mishipi yao ya kijani, sisi wengine tukakaa juani kama ilivyo kawaida ya wenye nchi. Jiwe lilikuwa limefunikwa kitambaa cha bendera. Kanali akasoma orodha ya misaada, mchezaji akapigiwa makofi ingawa goli lake alilifunga kabla wapiga makofi hawajazaliwa. Kisha Winston akatangaza kwamba sasa tutashuhudia mila yetu adhimu, na shujaa wetu atatusimulia kwa kinywa chake.

Nikatoka na kikapu. Rwegoshora alinitazama kama anavyotazama wauzaji wote, yaani hakunitazama. Nikapiga magoti. Winston akanishikia kipaza sauti mbele ya mdomo ili kamera zipate maneno. Jamani, yule kijana namwombea baraka hadi leo.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, mama."

"Mimi si mama yako. Mimi ni mtoto wako. Ni Sperancia, binti wa Cleophace, uliyekula naye omukago nyuma ya migomba ya babu yangu. Hii ni kahawa ya nyumba ya Cleophace. Itafune, Tata, kisha uwaambie watu hawa nani aliwavusha wale kumi na mmoja."

Vijana walidhani ni sehemu ya maigizo, wakapiga makofi. Wazee hawakupiga. Nilisikia mabenchi yakilia, jinsi walivyokuwa wakisogea mbele mmoja mmoja. Neno lile hawakuwa wamelisikia hadharani miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kutafsiriwa.

Rwegoshora akanitazama sasa. Aliniona vizuri, paji la uso la baba na masikio ya baba. Akatazama watu, akatazama kamera. Kukataa hakuwezi. Akanyoosha mkono, akachukua tunda moja, akalitia kinywani.

Taya halikusogea.

Nilikuwa karibu naye, niliona tunda limevimba shavuni upande wa kulia. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Winston akamsogezea kipaza sauti, "Karibu, Mzee." Angetafuna tu na kusema uongo wake wa kila mwaka! Alishausema kwa wakuu wa wilaya, alishausema madhabahuni. Lakini alikuwa Mnyambo wa Songambele kabla ya kuwa Ndugu wa Ngao, na bibi yake alimwambia habari ya tumbo kabla hajajua kusoma.

"Bado hujaitafuna, Tata," nikamkumbusha.

Akatoa leso nyeupe yenye ngao ya kijani iliyodariziwa. Akaipeleka mdomoni kama anayefuta jasho, akaishusha, na shavu likawa bapa.

"Ameitema!" Bibi Benitha akapiga kelele kutoka juani, kasimama na fimbo yake. "Ameitema kahawa ya Cleophace, jamani! Mimi nilikaa kwenye mtumbwi ule! Cleophace ndiye aliyetuvusha!"

Zogo likazuka. Winston, maskini, akafanya alichofundishwa kufanya mambo yakiharibika: akaamuru wimbo wa taifa upigwe. Spika zikalipuka. Sote tukasimama wima kwa heshima, na Rwegoshora naye akasimama wima, mikono ubavuni, leso imefinywa ngumini na kahawa yangu ndani yake. Beti mbili nzima. Nilimtazama tangu mwanzo hadi mwisho, na sijawahi kuupenda wimbo ule kama siku ile.

Jiwe halikufunuliwa.

Sasa nikuambie ukweli, tumbo lake halikuvimba. Nililisubiri sana, kila nikimwona kwa mbali naanza kwa kumtazama mkanda wa suruali. Kilichotokea kilikuwa kingine, na sikukipanga mimi. Alikwenda kumsalimia jirani yake, akakaribishwa kiti, akaulizwa habari za watoto, na kikapu hakikutoka. Akaenda kwa mwingine, vivyo hivyo. Msibani kikapu kilipita kwa waombolezaji wote, kikafika kwake kikaruka kwenda kwa wa pili, na hakuna aliyemtukana wala kumwinulia sauti. Ndugu zake wa Ngao walimwambia huo ni ushamba, aupuuze. Rahisi kwao kusema, wao hawazeekei Songambele. Nikisikia habari hizo sokoni nilikuwa naongeza tunda moja kwenye kifurushi cha aliyenisimulia.

Mwezi wa sita, asubuhi, akaja kwangu Kiruruma. Gari aliliacha barabarani, akapanda kwa miguu hadi uwanjani kwangu. Alikuwa amekonda. Nikamwekea benchi chini ya upenu, nikamsalimia kwa heshima zote, nikaendelea kuchambua kahawa yangu mbele yake, kikapu kimejaa, harufu inamfikia.

"Nipe kahawa, mwanangu."

"Sema kwanza, Tata."

Akasema. Alisema yote, mafunjo, mtumbwi, maneno matatu. Alisema aliogopa kwamba wakubwa wakijua alijificha watampiga risasi, na ulipotoka mdomoni uongo ukaota mizizi, kila mwaka ukawa mgumu zaidi kung'oa. Akalia. Wanaume wazee wakilia wanatia huruma, na huruma ilinijia kweli, nikaiambia ikae pembeni.

"Mimi hayo nilishayajua," nikamwambia. "Kawaambie wasioyajua."

"Nitamjengea Cleophace kaburi la vigae. Udugu utatoa. Tutaandika jina lake."

"Kwa rangi isiyofutika?"

Akainamisha kichwa.

"Baba yangu hakuwahi kuomba vigae. Palepale uliponisikiliza kwa kipaza sauti, ndipo nitakapokusikiliza."

"Na nikisema, utanipa?"

Nikafunika kikapu. Akalichukua hilo kuwa ni ahadi. Sikumsahihisha.

Siku ya Mashujaa, mwezi wa saba, watu wakajaa tena Songambele kuliko hata siku ya Uhuru. Ndugu wa Ngao hawakuja, isipokuwa Winston, ambaye alikuja bila mshipi akasimama nyuma. Rwegoshora akasimama mbele ya jiwe lililofunikwa, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema kwamba hakuvusha mtu. Akasema alikuwa kwenye mafunjo. Akasema, "Cleophace ndiye aliyevusha, na mimi ndiye niliyemfunga." Bibi Benitha aliyekaa ubavuni mwangu alinifinya mkono hadi ukaniuma. Wazee watatu, miongoni mwa waliokataa kubeba jeneza la baba, walikuwa wanatazama viatu vyao. Niliwatazama hao pia, mmoja mmoja, hadi kila mmoja akajua kwamba nimemwona.

Kisha Rwegoshora akageuka, akaja kwangu. Akainama, yeye mzee kwangu mimi, akakinga viganja vyake viwili pamoja kama anayeomba maji.

Watu wote walijua kinachofuata. Amekiri, ametubu, na mtoto wa ndugu yake sasa atampa kahawa, yaishe. Hata mchungaji alishaanza kutabasamu.

Nikafungua kikapu. Nikachagua tunda moja, jeusi, lililokauka vizuri, nikalipasua kwa meno mbele yao wote. Nikatoa punje mbili.

"Hii ni ya Tata," nikasema. Nikaifunga kwenye pindo la kanga, nimpelekee kaburini.

"Hii ni yangu, mimi binti Amini." Nikaitia mdomoni nikaitafuna, polepole, taya likisogea ili kila mtu aone namna inavyofanywa.

Viganja vyake vilikuwa bado wazi. "Na mimi, mwanangu?"

"Yako ulishaila, Tata. Mwaka wa sabini na sita."

Nikamwekea ganda kiganjani.

Alilitazama muda mrefu. Nilidhani atalitupa. Akalipeleka mdomoni, akalitafuna mbele ya jiwe na mbele ya watu wote, macho yake yakiwa usoni pangu, akameza.

Mchungaji aliniambia baadaye kwamba kisasi hakimshibishi mtu. Nilimjibu marahaba mchungaji, nimekusikia, nikamkaribisha kahawa. Nilipita kaburini nikaiweka punje ya baba juu ya udongo, nikamwambia kwamba sikumsema ndugu yake, alijisema mwenyewe. Kisha nikarudi zangu Kiruruma, na siku hiyo sikuhitaji chakula cha jioni.